Kadi ya Ndani, Mechi ya Nje

Kadi yenyewe ni kipande cha manila ya njano, ukubwa wa leseni ya udereva, kimefunikwa nailoni na kutobolewa tundu pembeni ili ukichomeke kwenye pete ya funguo. Mbele kuna namba (yangu ni 17), muhuri wa banda, na maneno ya kalamu nene: MECHI ZOTE ZA MSIMU. Nyuma patupu.

Niliinunua Agosti 2024 kwa Sh 40,000 kwenye kibanda umiza kimoja, banda la kuonyeshea mpira kwa kiingilio, cha huku Tandika, Dar es Salaam. Jina la banda nalihifadhi, maana mwenyewe ni jirani na friji yake ya soda naitengeneza mimi. Kazi yangu ni ufundi wa friji na viyoyozi, na hilo mtaliona mbele ya safari kwa sababu siwezi kuongelea kitu chochote bila kukipima joto. Tulionunua kadi tulikuwa ishirini na tisa. Ahadi zilikuwa mbili: huulizwi kiingilio, na benchi la tatu na la nne ni letu mpaka dakika ya kumi ya mchezo. Ukichelewa zaidi ya hapo nafasi yako inauzwa, na huna pa kulalamika.

Nianze na banda lilivyo, kwa anayefikiria msimu ujao.

Picha ni nzuri. Katikati kuna projekta inayopiga kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kushoto na kulia kuna runinga mbili za inchi 55. Ving'amuzi viko viwili, kwa hiyo ligi yetu na ligi za Ulaya zikigongana jioni moja hakuna anayefukuzwa; sauti tu ndiyo inayokwenda kwa mechi yenye watu wengi, wengine mnaangalia bubu. Umeme ukikatika, jenereta inawaka ndani ya dakika mbili. Nimepima kwa saa, si kwa kukisia. Banda la mtaa wa pili walitukosesha penalti nzima mwaka juzi wakihangaika na kamba ya kuvutia injini.

Joto ndilo adui. Paa la bati, hakuna dari, madirisha ni ya kuchungulia polisi tu. Mtu mmoja aliyekaa kimya anatoa joto la karibu wati 100, kama zile balbu za zamani za njano. Banda likijaa tunafika mia na ishirini, na hakuna anayekaa kimya. Hizo ni wati elfu kumi na mbili, sawa na kuwasha pasi kumi na mbili za umeme kwenye chumba kimoja halafu ukae katikati yake na jezi ya polista. Feni zipo nne. Moja niliifunga upya mwenyewe mwezi wa kumi, bila malipo, kwa sababu ilikuwa juu ya benchi letu.

Muhogo wa kukaanga wa pale mlangoni una chachandu ya kweli, yenye ndimu. Kahawa chungu na kashata zinapita mapumziko. Choo ni cha nyumba ya jirani, unalipia mia mbili, na usiende dakika ya themanini maana hutarudi kwenye nafasi yako. Kero nyingine ni hawa vijana wa mikeka ya kubeti. Wao hawashangilii timu. Mmoja atalia kona zimepungua, mwingine anataka kadi ya njano itoke, na wewe unayempenda Mnyama, yaani Simba, kwa moyo mmoja unaonekana mshamba.

Sasa hesabu. Ninalo daftari ninaloandikia kazi, gesi niliyojaza, kompresa niliyobadili, nani ananidai na nani namdai. Ukurasa wa mwisho nilikuwa naandika mechi. Kuanzia Agosti mpaka tarehe 20 Mei niliingia mara sitini na tatu. Kati ya hizo, arobaini na nane zilikuwa mechi za jero, Sh 500, yaani elfu ishirini na nne. Kumi na tano zilikuwa za buku, Sh 1,000: dabi, usiku wa Ulaya, mechi za Simba za Shirikisho. Elfu kumi na tano. Jumla Sh 39,000. Kwa maneno mengine, nilibakiza mechi moja kubwa ili kadi irudishe hela yake, na mechi hiyo ilikuwa inakuja.

Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tarehe 17 Mei 2025 Simba alikwenda Morocco akafungwa 2-0 na RS Berkane. Tuliiangalia ndani, watu wakaning'inia madirishani, na tukatoka tukisema hamna shida, marudiano ni kwa Mkapa. Kwa Mkapa kutoka hapa ni mwendo wa bodaboda tu. Uwanja unaingiza watu 60,000. Hata mwenye hela ya tiketi ya mzunguko, ile ya bei ya chini, peke yake angepenya. Halafu CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakakataa nyasi za Mkapa, mechi ikavushwa bahari, ikapelekwa Amaan, Zanzibar, uwanja unaobeba watu kama 15,000. Wenye nauli ya boti walipanda boti. Sisi wengine wote, Temeke nzima kwa kweli, tukarudi kuwa watu wa vibanda.

Mwenye banda si mjinga. Ijumaa bango likapachikwa mlangoni: mechi ya Jumapili tarehe 25 itaonyeshwa NJE, kiwanja cha mtaa, kitambaa kikubwa, spika nne, kiingilio Sh 2,000, VIP Sh 5,000. VIP ni viti vya plastiki. Nikasoma, nikafurahi. Nikajua sisi wa kadi tutatengewa pembe yetu.

Jumapili nikafika saa tisa. Kiwanja kimezungushiwa kamba na maturubai, pameachwa mlango mmoja. Kijana wa mlangoni ni yule yule wa msimu mzima, ambaye huniamkia kabla sijatoa kadi mfukoni.

"Shikamoo mzee. Buku mbili."

"Marahaba mwanangu. Nina kadi. Namba kumi na saba."

"Naijua kadi yako mzee. Kadi ni ya ndani. Leo tuko nje."

Nilimwonyesha yale maneno, MECHI ZOTE. Akayasoma kwa adabu, akanirudishia. Pembeni yangu namba 4, mwalimu mstaafu, alikuwa anamweleza mlinzi maana ya neno "zote" kwa mifano. Namba 22 alishatupa kadi yake chini. Foleni nyuma inasukuma, mtu ananiambia, "Mzee, lipa tupite, hiyo semina kafanyieni nyumbani." Nikalipa. Nikaingia nikakuta viti vya plastiki vimejaa, mabenchi yamejaa, la tatu na la nne letu yamekaliwa na watu ambao sijawahi kuwaona siku ya Jumanne yenye mvua na mechi ya sifuri kwa sifuri.

Halafu jua.

Mechi ilikuwa saa kumi jioni. Mtu yeyote aliyewahi kushika projekta angemwambia. Ile taa inatosha ukuta wa ndani gizani. Ukiipeleka kiwanjani mchana ni sawa na kuwasha kibiriti ufukweni. Kitambaa kilikuwa cheupe pe. Ukikaza macho unaona kitu cha kijani kinatikisika na vivuli vinakimbia. Sauti ilikuwepo, kubwa, safi. Dakika ya kumi na saba wapangaji wa nyumba ya jirani, wenye redio, wakapiga yowe, na sisi tuliolipa buku mbili tukageuka kuwatazama wao. Mutale amefunga. Sekunde kadhaa baadaye mtangazaji wetu naye akapiga kelele, na vivuli kwenye kitambaa vikakumbatiana. Tukashangilia vivuli.

Kipindi cha pili jua likaanza kushuka nyuma ya nyumba, na picha ikaanza kupata rangi kidogo kidogo, kama friji inayoanza kushika baridi. Kufika dakika ya themanini unamtofautisha mchezaji na mwamuzi. Dakika za nyongeza picha ilikuwa nzuri kabisa, kila uzi wa jezi unaonekana. Ndipo Berkane wakasawazisha. Moja moja, jumla 3-1, kombe likaenda. Katika mechi nzima, goli tulilofungwa ndilo pekee tuliloliona vizuri.

Usiku huo nilimpigia shemeji. Mume wa dada yangu anaishi Windsor, Kanada, mji ambao ukivuka mto tu uko Detroit, Marekani. Yeye huko amepata ugonjwa wa hoki ya barafu. Sisi mpira wa magongo tunaujua ule wa nyasi, na tuliwahi kuupeleka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, India wakatufunga 18-0, basi tukanyamaza. Huu wa kwao wanateleza kwa viatu vya visu wakigombea kisahani cheusi cha raba, kipana sentimita saba na nusu hivi, ambacho hata kwenye runinga nakipoteza. Nilimpigia nilie tu. Yeye akacheka, akasema, "Shemeji, hiyo ya kadi ya ndani na mechi ya nje, huku ni wimbo wa kila mwaka."

Akanieleza, na ndiyo sababu naandika haya yote badala ya kutukana na kulala.

Hoki yao inachezwa ndani ya ukumbi. Lakini tangu 2003 ligi yao kubwa, NHL, imekuwa ikitoa mechi chache nje, kwenye viwanja vya michezo mingine. Ya kwanza ya ligi ilikuwa Edmonton, Novemba 2003, kwenye baridi kali chini ya sifuri, watu 57,167. Mwaka 2008 wakaanza ile ya Siku ya Mwaka Mpya wanayoiita Winter Classic; ya kwanza ilichezwa kwenye uwanja wa soka la Kimarekani nje kidogo ya Buffalo, theluji inaanguka, watu 71,217. Tangu hapo imekuwa sikukuu.

Mimi nilimkatiza hapo. Nilitaka kujua barafu wanaigandisha vipi, maana shemeji aliwahi kuniambia mwaka 2014 walicheza Los Angeles, kwenye uwanja wa besiboli, mahali ambako Januari watu wanatembea na fulana. Jibu linamfurahisha fundi yeyote: wanatandaza sahani za aluminiamu kwenye nyasi, ndani yake wanazungusha maji yaliyochanganywa na glikoli, na nje ya uwanja kuna trela la lori ambalo lote ni mtambo wenye nguvu ya kupoza ya tani 300. Kiyoyozi cha chumbani kwako ni tani moja, moja na nusu. Wanamwaga maji tabaka kwa tabaka mpaka barafu inene. Ni friji ya soda iliyolazwa chali, urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Usiku ule nililala nikiiwaza kompresa.

Lakini kuhusu kadi. Shemeji na wenzake watatu walikuwa wanachangia viti viwili vya msimu vya timu ya Detroit. Wakati huo kila timu ilicheza mechi 82, nusu yake, yaani 41, nyumbani. Sasa ligi ikisema moja ya zile 41 inahamishiwa nje, wewe mwenye kiti cha msimu una kiti kwenye ukumbi ambao siku hiyo mlango umefungwa. Safu yako ya kumi na mbili, karibu na ngazi, haipo kule. Na mechi yenyewe inaandaliwa na ligi. Timu yako ni mwenyeji kwenye ubao wa matokeo, lakini mpango mzima una mkono wa ligi: wadhamini wanataka viti, wageni wanataka viti, na wenye uwanja wa besiboli wana watu wao wa msimu ambao nao wanauliza, "Huu si uwanja wetu?"

Hapo ukubwa wa uwanja ndio unaoamua nani analia. Boston mwaka 2010 walicheza Fenway Park, uwanja wa kizamani wa besiboli, wakaingia watu 38,112. Ukumbi wao wa hoki wakati huo ulibeba 17,565. Ukihesabu haraka utasema kila mwenye kiti amepata na cha rafiki yake, mpaka uanze kutoa vya wageni, vya wadhamini, vya wenye besiboli. Chicago mwaka uliotangulia ilikuwa hivyo hivyo, Wrigley Field, 40,818. Ila Detroit walikuwa na bahati. Mechi yao ya tarehe 1 Januari 2014 ilichezwa uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor. Waliingia watu 105,491. Ukumbi wao wa nyumbani ulikuwa wa watu elfu ishirini.

Na hata hao walisubiri mwaka mzima. Mechi ilipangwa iwe Mwaka Mpya wa 2013, kisha wamiliki wa timu na wachezaji wakagombana juu ya mkataba, milango ikafungwa, karibu nusu ya msimu ikapotea na mechi ya nje nayo ikafutwa. Ilipopangwa tena, shemeji anasema, tiketi ya nje haikuja yenyewe kwa sababu una kiti. Kilichokuja ni nafasi ya kununua kwanza, kabla ya dirisha kufunguliwa kwa watu wote. Una siku zako, unalipa, unachagua katika vilivyopo. Wao wanne wakapiga kura nani waende, maana viti ni viwili. Akashinda. Alinitumia picha mwaka ule, nikadhani ni mzimu: theluji imemjaa kwenye nyusi, nyuma yake jukwaa limegawanyika, upande mwekundu wa Detroit, upande wa buluu wa Toronto. Toronto walishinda 3-2 kwa penalti. Yeye hakujali.

"Na uliona?" nikamuuliza.

"Nilikaa juu sana, nikaona. Rafiki yangu alitafuta kiti cha chini, cha mbele kabisa, kwa hela nyingi. Aliona mbao za pembeni na migongo ya wachezaji."

Kwenye uwanja wa mchezo mwingine barafu iko mbali na jukwaa na iko chini. Safu za mbele ndizo mbaya. Hilo nililiweka moyoni.

Akaniongezea na moja ya kunifariji. Februari 2021, wakati wa Korona, walipeleka barafu kando ya ziwa Tahoe, kwenye uwanja wa gofu, milima nyuma, bila mtazamaji hata mmoja. Wenye viti vya msimu wote walikuwa sawa siku hiyo. Mechi ya kwanza, Colorado na Vegas, ikaanza mchana. Anga jeupe, jua likapiga barafu, ikalainika, wachezaji wakawa wanajikwaa. Baada ya kipindi cha kwanza wakasimamisha, wakasubiri kwa muda wa saa zipatazo nane mpaka giza, ndipo wakaendelea. Na wale wana lori la tani 300. Nikasema basi mwenye banda wetu asamehewe jua. Kadi, bado.

Jumatatu asubuhi simu ikaita. Ni yeye mwenye banda. Friji ya soda haipozi.

Sikuharakisha. Nilifika saa tano na mkoba wangu, nikaivuta friji, nikafungua nyuma. Kondensa imejaa vumbi la kiwanja cha jana. Alikuwa ameitoa nje na yenyewe ili auze soda. Nikaanza kupiga brashi taratibu, na tukaongea.

"Bosi, jana uliniuzia mara mbili."

"Fundi, najua. Na mwalimu alikuja hapa saa kumi na mbili asubuhi. Kaa basi nikwambie."

Akaniambia kitu ambacho sikukifikiria. Kiwanja si chake. Kamati ya kiwanja inachukua nusu ya mlangoni. Kitambaa na spika ni vya kukodi. Kibali cha serikali ya mtaa, walinzi wanne, mafuta ya jenereta. "Kule nje mimi mwenyewe nilikuwa mgeni," akasema. Kamati ilimwambia hakuna kuingia bure, hata mama yake. Angewaingiza wenye kadi ishirini na tisa, angewalipia yeye nusu ya kamati kutoka mfukoni.

Nikamwelewa. Ndiyo habari ile ile ya ligi na timu. Mwenye kukuuzia kadi siku hiyo si mwenye mlango. Lakini kumwelewa hakukunizuia kumsimulia Ann Arbor, mikono imejaa vumbi. Nikamwambia mimi sitaki bure. Nataka niulizwe kwanza. Msimu mzima nimekaa benchi la tatu nikiangalia mechi ambazo hata wachezaji wenyewe hawakutaka kuzicheza, na ile hela niliyokupa Agosti ndiyo uliyonunulia king'amuzi cha pili. Siku watu wote wanataka kuja, mimi nisisimame nyuma ya mtu aliyekumbuka mpira jana.

"Na jua?" akauliza, maana linamuuma.

"Jua ngoja lizame. Wenye lori la barafu wenyewe walingoja."

Friji ikawaka. Nikamtoza bei kamili.

Jumamosi ya tarehe 31 ilikuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kutoka Munich, PSG na Inter, saa nne usiku kwetu. Nje tena, kiwanja kile kile, kiingilio kile kile cha buku mbili. Safari hii Alhamisi kijana alipita na daftari kwa kila mwenye kadi. Bei kwetu buku moja, yaani nusu ya kamati tu, yeye hachukui kitu. Mwisho wa kulipa ni Ijumaa magharibi. Ukipita hapo, nafasi inakwenda sokoni. Kati ya ishirini na tisa, ishirini na mmoja tulilipa. Namba 22 alikataa, anasema kadi yake ameshaitupa na heshima yake hairudi kwa buku.

Tulipewa kuchagua mabenchi. Wenzangu wakakimbilia mbele. Mimi nikaomba la saba, katikati, kwenye kile kimwinuko karibu na goli la kusini. Wakanicheka. Saa nne ilipofika watoto walikaa chini mbele ya kitambaa, nyuma yao wakasimama vijana wa mikeka, na wenzangu wa benchi la kwanza wakaangalia dakika ishirini za migongo. Achraf Hakimi alipofunga la kwanza niliona mguu wake, niliona na uso wake, hakushangilia kwa sababu Inter ni timu yake ya zamani. Mpaka Doué anafunga la tatu namba 4 alikuwa amehamia kwangu. Tano bila. Waliokuwa na mahali pazuri kuliko sisi sote ni watoto watano juu ya mwembe, bure kabisa.

Kasoro hazikukosekana. Spika ya kulia ilikuwa inakoroma. Soda zilipanda mia mbili kwa kisingizio cha usiku. Na benchi letu la saba lilivamiwa na jamaa wawili waliosema wao ni VIP waliokosa viti. Kijana wa mlangoni akaja, akawatoa, akaniamkia mara ya pili.

Kama unauliza ninaipa ngapi: banda kwa mechi za kawaida, nne kwa tano, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya bati. Fainali ya Simba, moja, ya sauti. Ya Munich, tatu na nusu. Na kama wewe ni mtu wa dabi na fainali tu, usinunue kadi, lipa mlangoni, utatumia kidogo. Kadi ni ya mtu anayekuja Jumanne.

Msimu mpya amepandisha, Sh 45,000. Nimelipa. Namba bado ni 17, manila safari hii ni ya kijani. Kabla sijatoa hela nilimpa kalamu nikageuza upande wa nyuma, na akaandika kwa mkono wake: MECHI YA NJE, MWENYE KADI KWANZA, BUKU. Akasema atazipeleka zote kwa pamoja kuwekewa nailoni wiki ijayo. Yangu nimeipeleka mwenyewe siku ile ile, kwa yule wa pale sokoni, Sh 500.